Ungo wa Mchele, Pugu

Shikamoo Mama,

Huku Pugu mvua tupu. Nawafundisha ushonaji watoto waliokimbia vita. Jana Neema, mgeni wetu, alikumbatia begi lake tangu asubuhi, cherehani hagusi. Wenzangu walimbembeleza weee, wakachoka.

Mie nikakumbuka uliponipokea Kasulu, nami nimetoka vitani, kifurushi nimekikumbatia hivyohivyo. Hukuniambia nikiweke chini. Ulinipa ungo wa mchele nipepete.

Nikaenda jikoni, nikamletea Neema ungo. Akautazama, akaliweka begi miguuni, akaanza kupepeta. Nusu ya mchele ukamwagika, kama wangu ule.

Miaka yote hii nilidhani siku ile ulikuwa na haraka ya kupika.

Naibusu mikono yako yote miwili.

Mwanao, Riziki