Ulisubiri Kusomewa, Mimi Nikasubiri Turubai

Mama Evarista, rafiki yangu,

Mwidiwe, nakusalimu kwa lugha yetu. Huku Mabamba mvua bado zinanyesha, na meza yako pale soko la ujirani mwema ameishika Evarista mwanao. Anapima mawese kama wewe: anaongeza kidogo juu, halafu anamkaripia mteja asizoee.

Nikija kaburini kwako nalia tu, siwezi kusema. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Darasa la saba langu unalijua, utanisamehe.

Ni habari ya utafiti wa Adela. Mwanangu yule unamjua, hakuna hapa kwetu aliyesoma akamfikia, na sisemi kwa kujisifu. Haya, ninajisifu. Alipokuja kuuliza wanawake wa mpakani tunaishije na hizi biashara ndogo, wengine walimjibu harakaharaka waende zao. Wewe ulimkalisha jikoni, ukawa unamenya mihogo huku unamweleza: mpaka ulipofungwa mlikula nini, maharage yalivyokuozea ndani, baba Evarista alipougua ulianzaje upya. Jioni ukaniambia, "Mtoto wako ana maswali kama polisi wa mpakani, ila huyu anakaa kusikia majibu." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Ulimpa sharti moja tu, akimaliza kuandika arudi akusomee. "Nataka nisikie nilivyosema."

Alimaliza, Mama Evarista. Alipiga simu kutoka Kasulu anakofanya kazi, akasema, mama, Jumamosi nakuja na bodaboda niwasomee. Mimi nikamkataza. Nikamwambia mtu mwenye shahada yake haji kwa watu ametapakaa tope. Asubiri kiangazi, aje na gari, tufunge turubai, tukodi viti, diwani akae mbele, na mimi niwe nimeshona kitenge kipya. Ukawa unaniuliza, "Adela anakuja lini?" Nami nakujibu ana majukumu mengi. Hakuwa na majukumu. Alikuwa anangoja ruhusa yangu.

Kiangazi hakijafika ukaugua, ukapelekwa hospitali ya Kabanga, na tukakurudisha kukuzika. Hukusikia hata mstari mmoja.

Siku ya kuondoa matanga Adela alikuja na pikipiki, hakuniuliza. Alikaa kwenye mkeka, akawasomea watoto wako. Jina lako halimo. Alisema kwenye utafiti wanaficha majina ya waliohojiwa, kwa hiyo wewe umeandikwa "mama mmoja muuza mawese." Evarista akacheka, machozi yanamtoka: "Huyu mama mmoja anagomba kama mama yetu." Ulisema vizuri, rafiki yangu. Mambo tunayoyapita kila siku, wewe ulikuwa umeyafikiri mpaka mwisho. Nilitaka kukugeukia nikuambie, nikakuta ni ukuta.

Sasa kuna Bi Zuhura wa duka la chumvi. Naye alihojiwa, naye aliahidiwa kusomewa, na siku hizi miguu imevimba, hatoki kitandani. Jumamosi hii tunaanzia kwake, mvua inyeshe isinyeshe, kisha kwa wengine, mlango kwa mlango. Nakuahidi nitakaa kimya Adela akisoma. Sitasema ni mwanangu mpaka amalize. Unanijua, itaniwia vigumu.

Kwako nimechelewa, na sina la kulitengeneza hilo. Pumzika, mwenzangu. Bi Zuhura atasikia maneno yake akiwa bado na mdomo wa kuyabishia.

Mimi wako,
Mama Adela