Mabehewa Yangu Yametaifishwa Buganguzi

Mama Koku mpenzi,

Hamjambo hapo Tabora? Huku kwenu Buganguzi, Muleba, mvua haikatiki, na mama yako ananilisha ndizi mpaka mkanda umenishinda.

Ule mchezo wa treni niliowaletea watoto wa hapa kwenu, ubao wake uliloa melini, basi tukacheza kwa karata zake tu. Ukikusanya mabehewa sita ya rangi moja na injini, treni yako inaondoka, nawe unakula sahani ya senene, wale panzi wenu wa kukaanga. Mimi, mtu wa reli, nikajigamba sana. Nikayakumbatia mabehewa yote mazuri nikingoja injini, watoto wakabaki mikono mitupu.

Baba yako, niliyemhubiria Azimio la Arusha juzi mpaka akasinzia, akanitazama. "Mkwe wangu, kumbe njia kuu za uchumi unazo peke yako?" Akazichukua karata zangu taratibu, akawagawia watoto. Treni zao zikaondoka, senene wakaliwa mbele yangu.

Nibusie Koku. Ila pale stesheni usimwambie mtu kwamba nimeachwa na treni Muleba, ambako hata reli hakuna.

Wako mwenye njaa ya senene,
Baba Koku