Dada wa Kanzu Nyeusi

Bagamoyo,
3 Julai 2025

Kwa mdogo wangu Haidar,

Assalaam alaykum. Hapa sote wazima, Alhamdulillah, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo hujaliulizia kwa siku kumi na tisa. Natumai nawe u mzima na mbu wa Saadani wamekuachia damu kidogo. Simu yako haipatikani. Nimepiga mara thelathini na moja, ndiyo maana barua hii nampa Kitwana wa gari la barafu. Yeye ndiye aliyeniambia kakuona huko unafungasha kamba wa baharini. Mimi dada yako wa tumbo moja, habari zako napewa na dereva.

Mambo yako hivi. Uliondoka Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, katikati ya sehemu ya kumi na saba ya katuni yetu. Watu hamsini na mmoja wamekaa. Ulinyamaza dakika nne na sekunde kumi. Nilitazama saa ya ukutani. Kanzu Nyeusi kasimama kwenye mvua anafuta upanga, ngoma zinapiga, na mtafsiri wangu kashika maiki kama kashika andazi. Ndiyo, nilipaza sauti kutoka mlangoni: "Sema, wewe! Watu hawakuja kusikiliza matone!" Watu walicheka. Lakini kicheko hakijaua mtu, nawe ukaweka maiki kwenye benchi ukatoka kama umeitwa na polisi.

Banda hili la video lilianza na karai la vitumbua. Mabati ishirini na manane nimeyapigilia kwa mkono wangu, wewe ukiwa darasa la tatu. Hakuna aliyenishika mkono. Sasa nimemjaribu Twalib kwenye zile sehemu za nyuma, na Twalib anatafsiri katuni ya Wajapani kama anatangaza mpira. Kanzu Nyeusi akichomoa upanga, yeye anapiga kelele, "Goooli!" Jumamosi ya kwanza walikuja watu thelathini, ya pili kumi na wanane. Seleman kinyozi kaniambia usoni: "Bi Zuwena, yule siye. Kanzu Nyeusi ana sauti ya mtu aliyekosa usingizi." Na Maulida wa juisi kila siku ananiuliza kama dada yake Kanzu Nyeusi atapatikana.

Zimebaki sehemu tano na nusu. Rudi uzimalize. Ukishamaliza, ukitaka kununa, nuna.

Dada yako mwenye goti,
Zuwena

*

Saadani,
9 Julai 2025

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Lipake mafuta ya nazi ya moto, na usisimame sana. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kazi ni ya baridi tu, mikono ndani ya barafu kutwa. Asubuhi tukishuka ufukweni tunakuta nyayo za tembo zimejaa maji, na kila unyayo una mbingu yake ndogo ndani.

Nikiwa napanga kamba, ule muziki wa Kanzu Nyeusi unanijia. Ngoma nzito, ya polepole, halafu kinanda kinadondoka kama bomba ambalo halijafungwa vizuri. Ajabu ile, Dada. Nchi ni ya zamani, watu wana panga na viatu vya mbao, na muziki ni wa vijana wa leo, wa kutingisha kichwa. Mwanzoni nilidhani aliyetuuzia flashi kachanganya. Kufika sehemu ya tatu nikaona hapana: yule mtu miguu yake inatembea zama zile, ila moyo unadunda zama zetu.

Sasa nikwambie kweli. Si kicheko kilichonitoa.

Kijapani sikijui, hilo unalijua. Yale maandishi ya Kiingereza ya chini yanapita mbio, nadaka nusu. Sehemu ya tano, Kanzu Nyeusi alikaa mtoni, hasemi. Watu wanakohoa, nakuona mlangoni unatazama saa. Ikabidi niseme kitu. Nikasema: "Namtafuta dada yangu." Banda zima likashusha pumzi. Tangu siku hiyo kila aliponyamaza nilimpa dada, na watu walipenda.

Wiki ile kabla sijaondoka nilitazama sehemu zote zilizobaki, peke yangu, mara mbili. Hakuna dada. Hamtafuti mtu yeyote, anaikimbia aibu yake mwenyewe, na anaishia kwenye daraja. Siku ile ya mvua sikusahau kusema, Dada. Uongo uliniishia. Nitarudi vipi nimtazame Maulida?

Mdogo wako,
Haidar

*

Bagamoyo,
12 Julai 2025

Haidar,

Marahaba. Goti limesikia salamu zako, halijasema kitu. Mafuta nimepaka.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Kumbe umetudanganya sehemu kumi na mbili nzima! Nilimwuliza Seleman kwa mbali, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, huyo dada katajwa mara ngapi. Akajibu bila kufikiri: "Arobaini na tatu." Kinyozi anamhesabu! Yeye ana yakini kuwa dada ni yule mwanamke anayepiga zeze kwenye nyumba ya wageni. Maulida hakubali. Anasema dada anamfuata nyuma, kila siku kachelewa siku moja, na ndiyo maana zile ngoma zinapiga mara mbili mbili: nyayo za kaka, halafu za dada. Kaniambia hayo huku juisi inafurika kwenye glasi, wala haoni.

Dawa ni moja. Muue. Sehemu ya kumi na nane sema imekuja barua, dada kafariki, Innalillahi, watu walie kidogo, tusonge mbele. Na usiniambie uongo umekwisha. Uongo haujapata kumwishia mtu wa Bagamoyo.

Kitwana anarudi Jumanne. Panda gari lake.

Dada yako, ambaye bado yu hai,
Zuwena

*

Saadani,
20 Julai 2025

Dada Zuwena,

Shikamoo. Mimi mzima, natumai na huko ni kheri. Kitwana nimemwona, sikupanda.

Siwezi kumuua. Sikumtoa hewani yule. Kila nilipomtaja nilikuwa naona mtu kasimama mlangoni, uso kwenye saa, miguu inamuuma na hakai. Umeonyesha sehemu kumi na saba, Dada, na hujatazama hata moja.

Sehemu ya ishirini na mbili iko kwenye ile flashi nyekundu. Funga mlango, kaa, ongeza sauti. Ukimaliza ndipo uniambie nimuue.

Mdogo wako,
Haidar

*

Bagamoyo,
17 Agosti 2025

Kwa mdogo wangu Haidar,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hali yako? Mikono yako na hiyo barafu? Mimi sijambo, goti ni lile lile. Nimechelewa wiki nne kukujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Wiki ya kwanza nilikasirika kwa haki. Tatu zilizobaki ni mazoea.

Alhamisi mchana nilifunga mlango nikakaa benchi la Seleman. Banda langu miaka kumi na moja, na sikujua kwamba ukikaa pale unaona mwanga unaingia kwenye matundu ya misumari, vitone vitone, kama mtu kamwaga mchele gizani. Nikaongeza sauti. Haidar, ule muziki! Tumeupigia kelele sehemu kumi na saba. Majani yanayumba kwa ngoma, mto unakwenda kwa ngoma, na yule bwana anatembea kama anayeota, hajui kama anaota. Nilijikuta natingisha kichwa, mtu mzima mimi.

Halafu lile daraja. Watu wanapita, na nyuma kabisa kuna mwanamke kabeba furushi. Anasimama. Anamtazama sekunde kumi na moja, hasemi. Wewe ulitazama mara mbili hukumwona. Nimerudisha mara sita. Sisemi ni dada yake. Nasema hakuna aliyeandika kuwa siye.

Jana baada ya Alasiri nikaonyesha zote zilizobaki, kwa muda wa saa mbili na dakika sita. Twalib nilimwambia apumzike. Walikuja sitini na wanne. Mwanzoni wakanung'unika, "Bi Zuwena, mtafsiri yuko wapi?" Nikasema leo sikilizeni. Kufika sehemu ya kumi na tisa hata kukohoa hakuna. Seleman kafumba macho, shingo yake ndiyo inatazama, inafuata ngoma.

Ilipofika darajani nikatoka mlangoni, nikapita katikati ya watu, nikashika maiki. Sijapata kuishika maishani. Yule mwanamke aliposimama, nikasema:

"Wewe mtoto. Nilihesabu muda wote uliokaa kimya, na sikukuuliza una nini. Nimekuja kukuuliza."

Ni hayo tu, sekunde kumi na moja hazitoshi zaidi. Maulida aligeuka akanitazama mimi, hakutazama skrini. Na yule bwana naye akageuka, akafungua mdomo, picha ikakatika, majina yakaanza kupanda. Basi banda likalipuka: "Kamjibu nini? Kamjibu nini?" Seleman kasimama juu ya benchi! Nikawaambia mimi ni dada tu, mwenye sauti yake yuko Saadani.

Wanataka nirudie Jumamosi. Sijui niwaambie nini.

Dada yako,
Zuwena

*

Saadani,
21 Agosti 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mikono inapona. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya kreti la kamba mpaka barafu ikayeyuka, nikagombezwa, nikaisoma tena.

Kwamba alimjibu nini, nimefikiri siku tatu. Nilijaribu maneno makubwa ya watu wa upanga, yote yakawa ya Twalib. Mtu katembea sehemu ishirini na mbili, miguu imechoka, kamwona dada yake. Anachosema ni hiki:

"Dada, leo umepika nini?"

Jibu hilo usimpe mtu mwingine aliseme. Kitwana anaondoka huku kesho alfajiri, nimekwishamwambia aniwekee nafasi mbele, kando ya barua hii.

Mdogo wako,
Haidar