Siku Ndefu za Barani

Barani, Malindi
6 Februari 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na wote hapo Kaloleni mu wazima. Sisi hatujambo.

Mwanao Dena anajitahidi. Sasa ni mpishi kamili hotelini, na nyumba aliyotupangia ina stima na mfereji uani. Kwetu Nyeri nilichota maji mtoni, kwa hivyo naona haya kukwambia sina raha. Anaondoka alfajiri, anarudi nimelala. Nikishafagia na kupika, saa nne bado haijafika. Majirani wakiamkiana huulizana mpaka habari za mbuzi. Mimi nikijibu "mzuri," wanacheka. Jana nilitembea hadi stendi, nikatazama mabasi ya Mombasa yakijaa, nikarudi. Nanyi mlipoolewa ilikuwa hivi?

Mkaza mwanao,
Wanjira

Kaloleni
20 Februari 1984

Mwanangu Wanjira,

Marahaba. Goti halijambo, na Dena kupanda cheo kumenifurahisha.

Wengi wangeitamani nyumba hiyo. Unachokosa ni mtoto tu. Ukimpata, hutakuwa na wakati wa kutazama mabasi.

Mavyaa wako,
Mama Dena

Nyeri
3 Septemba 1984

Mama,

Shikamoo. U hali gani? Niwie radhi kwa kimya changu.

Mtoto nilikuwa naye. Barua yako iliponifikia mimba ilikuwa ya miezi miwili. Nikasema ningoje kwanza ionekane. Aprili ikatoka. Dena alikuwa kazini, jirani yangu Idah ndiye aliyenipeleka hospitali. Dena aliporudi alisema, "Tutapata mwingine." Kesho yake akaenda kazini. Julai nikapanda basi.

Nilidhani nikifika kwetu nitatulia. Chumba changu analala mke wa kaka yangu. Chai naletewa kwa sinia, kama mgeni. Huku nako nazungukazunguka tu.

Usinikasirikie.

Aliyekuwa mkaza mwanao,
Wanjira

Barani, Malindi
2 Oktoba 1984

Mwanangu,

Marahaba, na usiseme tena "aliyekuwa." Mimi mzima. Niko hapa nyumbani kwako. Nilikuja kumgombeza Dena, nikakaa siku kumi. Kufika siku ya nne nilikuwa nazungumza na sufuria.

Nikamuuliza, "Mwenzio ulimuuliza kama anataka kuja Malindi?"

"Mama, nilimpa kila kitu."

"Sikukuuliza hivyo."

Akalia, mtu mzima yule.

Nilichokuandikia Februari kilikuwa kibaya. Nisamehe. Idah anakusalimu sana. Sitakuomba urudi. Niambie tu wewe unataka nini.

Mama yako,
Mama Dena

Mnarani, Kilifi
14 Januari 1985

Mama yangu,

Shikamoo. Mwaka umeuanzaje? Mimi sijambo.

Swali lako lilinikalia miezi miwili. Desemba nikaandika barua za kuomba kazi, nikajibiwa moja. Napiga taipu kwa wakili mmoja hapa Kilifi, kazi niliyoisomea. Nimepanga chumba Mnarani, ng'ambo ya mkono wa bahari. Kila asubuhi navuka kwa feri. Paa linavuja, maji nayafuata mbali. Siku nyingine bado natamani kuondoka, na sijui niende wapi. Lakini hapa sikuletwa na mtu.

Dena mwambie aje Jumapili, siku yake ya mapumziko. Asije kunichukua. Aje kunitembelea.

Mkaza mwanao,
Wanjira