Askari Asiyekauka Viatu

Shangani, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, moyo ndio una shughuli. Natumai kifua kimekuachia, na mvua za huko Pemba zimepungua.

Kazi ya kuandika mabango ya maduka Mlandege imenipungukia, nikachukuliwa na mzee wa Kizungu, mstaafu wa jeshi, tunamwita Meja. Kazi yenyewe utaicheka. Ana askari wadogo wa sanamu, wa madini ya risasi, kimo cha kidole gumba, huletwa na meli bila ya rangi. Yeye na rafiki yake hucheza nao vita mezani, watu wazima wale, na hugombana kwelikweli. Mimi huwapanga arubaini ubaoni, nikawatia wote kaptura, kisha wote mikanda, kisha wote viatu. Ukiwapaka mmoja mmoja hutomaliza hata kwa mwaka. Najua utanikanya kwa sanamu za viumbe. Nilimwambia mapema kuwa macho sitii, akakubali kuyatia mwenyewe.

Safari hii alitaka kikosi chake cha vita vya Bama, vya kupigana na Mjapani, kule kule wanakosema alipotelea kaka Makame, ambaye mkewe Mize bado anamngojea kwa amri yako. Askari wote wametoka kalibu moja, huwezi kumjua huyu na yule. Jumamosi niliwapaka viatu. Jumatatu thelathini na tisa wamekauka, mmoja wa mwisho bado mbichi. Nikamfuta, nikampaka upya kwa kopo lile lile, nikamweka dirishani juani. Siku ya tatu nilipomgusa, kidole kilitoka na maji, si rangi. Nilisoma Ayatul Kursiy, mama, mchana kweupe.

Nikampa Meja wote arubaini awatie macho. Kesho yake thelathini na tisa walikuwa wakinitazama. Yule wa viatu vibichi hakuwa na macho.

"Huyu umemsahau, bwana?" nikauliza.

"Hapana sahau. Huyu macho nilifunga mimi, kwa mkono yangu. Tulimtoa mtoni, viatu imejaa maji. Ngwali Shaame, mtu ya Pemba. Alikuwa na kovu kisiginoni, kila siku analia viatu inamuumiza."

Nikamuuliza amemjuaje, na wote ni sawasawa. Akasema hajui, mkono tu ulikataa.

Ngwali Shaame ni babu yetu, mama, na babu alizikwa kabla sijazaliwa. Naona Makame alijiandikisha kwa jina lake ili baba asimfuate kumrudisha. Habari za jeshi zingetufikaje? Na kovu lile ni la Makame, jeraha lake ulilifunga wewe kwa kanga yako.

Mize, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Pole sana, shemeji. Vuta pumzi, kisha endelea.

Meja alitaka kunipa yule askari. Niliogopa, sikumchukua, na viatu nimeviacha vibichi.

Mama, ulimfukuza yule seremala alipokuja kumposa Mize, ukasema mumewe yu hai, nami nikakuunga mkono. Tulimkosea Mize. Meja ameandika ushahidi kwa mkono wake, nimeutia humu. Upelekeni kwa kadhi, na akishasema neno lake, usimzuie tena. Hana mtu wa kumngojea.

Nisalimie mjomba Faki, mwalimu wa chuoni, asome hitima bila ya kunisubiri, na shangazi Bi Kombo akae karibu nawe siku hizi.

Mimi mwanao uliyebakiwa naye,
Khatib