Meno Yangu na Sindano ya Mashini

Alhamisi, kiangazi. Vumbi ya Luberizi imeingia mpaka ndani ya daftari hii, na roho yangu haina raha hata kidogo.

Miaka kumi na moja ninapima pamba ya wakulima kwa ajili ya kiwanda. Kazi yangu ni kuuma. Natoa mbegu katikati ya gunia, nauma: ikilia ka, pamba imekauka, ikibonyea, mwenyewe anarudi nayo kuianika. Wananiita Baba Meno, na minye nilipenda lile jina.

Leo muzungu wa kiwanda alishuka na mashini ya sindano, ya kupima maji katika pamba. Alisema Serikali imepanga upya viwanda vya inchi nzima: mitambo mipya ya kuchambua haitaki pamba yenye maji, kwa hiyo kila gunia lipimwe kwa mashini. Mambo yamekwisha kuamuliwa Leopoldville. Minye nikawatafsiria wakulima neno kwa neno, tena kwa sauti nzuri.

Mujinga kabisa minye.

Wa tatu kupimwa alikuwa Mama Anastazia, mujane, amejitwisha pamba yake tangu alfajiri. Nilikuwa nimekwisha kuuma kwa mazoea, mbegu ikalia. Sindano ikasema kuna maji. Labda mashini ilikosea. Labda meno yangu yamezeeka, sijui.

Yeye hakuangalia mashini. Aliniangalia minye.

"Baba Meno, weye umeuma. Iko namna gani?"

Muzungu naye alikuwa ananiangalia. Niliwaza watoto wangu walioko shuleni Mulongwe, na masomo yao ninayoyalipia kwa kazi hii.

"Mama, mashini inasema haijakauka."

Alifunga mzigo wake, akajitwisha, akaenda. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Baadaye muzungu alinisifu kwa kutafsiri vizuri. Akasema musimu ujao ataleta karani aliyemaliza masomo, wa kusoma sindano. Juu yangu, wataona. Najua maana ya wataona. Hakuna wa kumlilia. Mpango hauna masikio.

Nusu ya mbegu ya Mama Anastazia ilibaki mufukoni mwa shati. Nimeiuma tena sasa hivi, hapa mezani. Imelia ka. Nimejaribu kujidanganya kwamba imekaukia mufukoni.

Kesho sindano inakwenda kwa wakulima wa Sange, na mwenye kutafsiri ni minye.