Namba 0012 ya Msellem

Jumanne, 13 Septemba 2005. Chake Chake

Bi Mwanaasha wa Kengeja kaja ofisini kwetu, gazetini. Mwanawe Msellem yuko rumande. Polisi wanadai Jumamosi alasiri alichoma maskani, kibanda cha wanachama, kule Micheweni. Uongo! Saa hiyo alikuwa Kengeja kwenye mchezo wa ng'ombe, kashika kamba ya dume jekundu. Nilimpiga picha mwenyewe, uso wote unaonekana. Mashahidi wake ni jamaa zake, polisi hawawataki. Kesi keshokutwa.

Nimefungua kompyuta. Namba 0012 — mgombea anapunga mkono! Picha ya mwenzangu Khatib, ya jana.

Kamera moja, kadi moja, waandishi wawili. Kadi ikifutwa, kamera hii huanza tena 0001. Na Nusaiba, karani wetu, humwaga zote kwenye folda moja, PICHA. Tangu Februari namwambia: kila siku na folda yake, kwa tarehe. Kompyuta ilimuuliza kama aweke mpya mahali pa ile ya zamani. Akabonyeza ndiyo.

"Sasa mie ningejuaje, kaka? Jina lile lile, nikajua picha ile ile."

Nimetoka nje kwanza.

Bi Mwanaasha: macho ya Kengeja nzima hayafai, jicho la kamera ndilo lafaa — na lenyewe limesahau?



Jumatano, 14 Septemba

Hamood, fundi kompyuta, kanipa tumaini dogo. Picha iliyofutwa hubaki kwenye kadi mpaka nyingine iandikwe juu yake. Mimi hupiga picha nzito, zinazokula nafasi kubwa ya kadi; Khatib hupiga nyepesi. Zake za Jumatatu huenda hazijaifikia yangu. Lakini isipigwe hata moja zaidi!

Kamera iko wapi? Konde, mkutanoni, na Khatib.

Simu yake imepatikana mara ya sita. Nimemwambia: zima kamera, rudi.

"Kaka, mgombea ndo kwanza apanda jukwaani! Mhariri n'tamwambia nini?"

Mwambie nimekataza mimi. Nimemuuliza kapiga ngapi leo. "Kidogo tu. Watu walikuwa wengi, wapendeza."

Alasiri

Hamood kashaandaa mashine yake. Khatib bado. Bi Mwanaasha yuko benchi la nje, kampigia pasi Msellem shati la mahakamani. Kaniuliza nikimwona Khatib, uso wake utaonyesha kama picha ipo?

Gari la Konde linasimama. Khatib anashuka, hanitazami —